Shoga, Kaa Nami Dakika Tisini

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025, alasiri, nilikuwa dukani kwa shoga yangu, Kibokoni, Mombasa, namsubiri amalize kulipiga pindo baibui langu. Simu ilikuwa mapajani, sauti nimeifunga kwa kumstahi. Kenya ilikuwa inacheza na Moroko kule Kasarani, Nairobi, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani.

Ghafla mtaa mzima ukapiga ukelele. Simu yangu ilikuwa haijaonyesha kitu, maana mpira wa kwenye simu huja nyuma ya ule wa kwenye televisheni. Nikajua kuna bao kabla sijaliona. Nikaikodolea macho mpaka mshambuliaji wetu Ryan Ogam naye akafunga.

Shoga yangu akaondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

"Kuna nini huko nje?"

"Bao, mamangu. Tumefunga."

Akanitazama. Nilikuwa nimesimama, leso imenianguka miguuni, mikono nimeipandisha kichwani.

"Na wewe wapata nini?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Tumejuana tangu madrasa, sauti yake ya kejeli naijua. Alitaka kujua kwa dhati. Nikamwambia nafurahi tu. Akasema "Haya," akarudi kwenye pindo lake.

Tangu siku hiyo swali lile limenigandama. Nimelichukua kivukoni Likoni, nimelichukua Marikiti, nimelirudisha nyumbani. Kwa sababu nilitaka awe anatazama nami, na nilijua kwamba "nafurahi tu" si jibu la kumtoa mtu kwenye cherehani yake.

## Sababu zake zina uzito

Nianze na upande wake. Sisi tunaopenda mpira tuna tabia ya kumchukulia asiyeupenda kuwa ni mtu asiyejua anachokikosa. Huyu anajua vizuri sana.

Ndugu yake mdogo alianza kubeti kwa shilingi ishirini ishirini, mechi za Ulaya, timu ambazo hata nyota zake hawajui. Akashinda mara moja, akamnunulia mama yao kilo mbili za nyama. Ushindi ule ndio uliomponza. Ikafika siku akaiweka karo ya chuo yote, ikaenda. Shoga yangu ndiye aliyeilipa tena, mabaibui na madira aliyoyashona usiku Ramadhani nzima. Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba mpira ni burudani.

Kisha kuna mabanda. Pale tunapopita kuja dukani kwake kuna banda la mpira, na jioni za mechi mwanamke kupita pale ni shughuli. Si kwamba utadhuriwa. Ni kwamba njia si yako tena.

Na kuna Ghuba, wanakokwenda watu wetu kutafuta kazi. Hilo ndilo zito kuliko yote, nitalirudia.

Nikawaza: ya nini basi kumshawishi? Amani yake anayo. Kazi anayo, anaswali, ana wanawe. Mwanzoni hili lilinizuia kabisa, nikanyamaza siku kadhaa. Lililonirudisha ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza. Mtu aliyefunga mlango hakuulizi kilichoko nje.

## Kwa nini nikaanza na timu za taifa

Ningeanza na ligi ya Uingereza ningempoteza siku ileile. Ligi inadai miaka. Inadai ujue nani alimuuza nani, kocha yupi alifukuzwa, kwa nini mashabiki hawa hawapatani na wale. Halafu mechi ni kila wiki, na kubeti wakati ule kulikuwa kumekaa humo mpaka kwenye vifua vya jezi.

Timu ya taifa ni jambo jingine. Klabu ikikosa beki, inakwenda kumnunua Brazil. Nchi ikikosa beki, inakaa bila beki mpaka azaliwe. Au mpaka apatikane kijana aliyezaliwa ng'ambo ambaye mzazi au babu yake anatoka hapo, maana sheria za FIFA zinamruhusu. Pesa za tajiri yeyote haziwezi kuinunulia Kenya mshambuliaji wa Senegal. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wote: waliomo uwanjani ni wale mliojaliwa, basi, na mnakwenda nao hivyo hivyo.

Nikamweleza habari ya Moroko kwenye Kombe la Dunia la 2022, kule Qatar, akiwa anakata kitambaa. Wachezaji 26, na 14 kati yao walizaliwa nje ya Moroko. Kipa Yassine Bounou alizaliwa Montreal. Kocha Walid Regragui alizaliwa Ufaransa. Achraf Hakimi alizaliwa Madrid. Mamake alikuwa akisafisha majumba ya watu na babake akiuza vitu barabarani, na mwenyewe amelisema hilo hadharani bila kuona haya. Tarehe 6 Desemba wakakutana na Uhispania. Dakika 120 bila bao. Kwenye matuta, yale ya kupigiana penalti, Bounou akazuia, Uhispania haikufunga hata moja, na aliyetumwa kwenda kupiga penalti ya kumaliza kazi ni nani?

"Huyo wa Madrid," akasema. Mkasi ulikuwa umesimama.

Huyo wa Madrid. Akaupiga taratibu katikati ya lango, kipa keshalala upande.

"Na mamake alikuwako?"

Nikamwonyesha picha ya mashindano yaleyale, baada ya mechi ya Ubelgiji: mama amevaa hijabu, anambusu mwanawe. Akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Alikuwa akisafisha majumba," na akaendelea kukata.

## Desemba ile, mtaani kwetu

Yeye Desemba 2022 anaikumbuka kama makelele. Mimi naikumbuka kwa saa, kwa sababu saa za Doha na saa za Mombasa ni moja, na jambo hilo liliipa mitaa ya Mji wa Kale mwendo ambao sijawahi kuuona tena.

Mechi ya Moroko na Ureno ilianza saa 12 jioni, tarehe 10 Desemba. Mtaani kwetu vijana walitoa televisheni nje, wakaiweka juu ya meza, waya ukapita dirishani. Sisi wanawake tulikuwa juu, tumejaa kwenye madirisha mawili. Mwezi wa Desemba maghribi yetu inaingia kama dakika ya 25 ya kipindi cha kwanza. Adhana ikapigwa. Walio wengi wakainuka. Sikuona mtu akilalamika, sikuona mtu akisitasita. Walivaa viatu wakaenda msikitini, viti vikabaki na funguo za watu juu yake na vikombe vya kahawa havijamalizwa. Mzee mmoja asiyejiweza miguu ndiye aliyebaki, akawa mlinzi wa mechi.

Na sisi juu tuliswali, kwa zamu, mmoja akimpisha mwenzake.

Walirudi. Wengine walikuwa bado hawajakaa. Dakika ya 42 Youssef En-Nesyri akaruka juu ya kipa na mabeki wote, akaupiga kwa kichwa, na Moroko ikawa inaelekea kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mzee yule alisimama. Namwambia shoga yangu hili, ananitazama kama namzulia, lakini macho yangu yaliona: alishika ukingo wa meza, akasimama.

Baada ya mechi Sofiane Boufal alimvuta mamake uwanjani wakacheza pamoja. Mama zetu dirishani walilia. Hakuna aliyekuwa na mtu Moroko, hakuna aliyewahi kufika.

Hapa ndipo shoga yangu aliponipinga, na akanipinga vizuri. "Hiyo ni sababu ya dini," akasema. "Mliwapenda kwa sababu wanasali kama nyinyi. Wangekuwa wengine?"

Nikamsimulia Zambia.

## Bahari ya Gabon

Tarehe 27 Aprili 1993 timu ya taifa ya Zambia ilikuwa safarini kwenda Dakar kucheza na Senegal, kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Ndege ya jeshi. Ilitua Libreville kutia mafuta, ikaruka, na muda mfupi baadaye ikaanguka baharini. Watu 30, wote wakafa, wachezaji 18 miongoni mwao. Kalusha Bwalya, nahodha, alikuwa akicheza mpira Uholanzi na alikuwa aende kwa njia yake. Hivyo ndivyo alivyobaki.

Wakaunda timu upya kwa waliosalia na vijana wapya. Mwaka mmoja baadaye timu hiyo ikafika fainali ya Kombe la Afrika, Nigeria ikawafunga 2-1.

Kisha 2012. Fainali ikapangwa Libreville, na Zambia ikafika fainali. Siku chache kabla ya mechi wachezaji walikwenda ufukweni wakaweka maua pale. Wengi wao walikuwa watoto wadogo mwaka 1993. Tarehe 12 Februari wakacheza na Ivory Coast ya Didier Drogba, ambayo kila mtu alijua itashinda. Drogba akapewa penalti dakika za kawaida, akaipaisha juu. Bila kwa bila hadi mwisho. Matuta yakaenda, yakaenda, 8-7, la mwisho la Stoppila Sunzu. Kalusha Bwalya alikuwa hapo, wakati huo akiwa rais wa chama cha soka cha nchi yake. Joseph Musonda, beki aliyeumia mapema na kutoka akilia, kocha Hervé Renard alimbeba mikononi mwake akampeleka kwa wenzake wanaoshangilia.

Sisi ni watu wa pwani. Hapa kila ukoo una mtu ambaye bahari ilimchukua, na ukoo unajua ni upande gani wa ufuo. Sikulazimika kumfafanulia kitu.

Alinyamaza, akabadilisha bobini ambayo ilikuwa haijaisha uzi.

"Nitakaa nawe mechi moja," akasema. "Moja."

## Vifungo juu ya meza

Ilikuwa robo fainali ya CHAN, Kenya na Madagaska, Ijumaa tarehe 22 Agosti. Asubuhi yake alinitaka nimfundishe sheria ya kuotea, ile offside, maana alishasikia wanaume wakigombana kwa neno hilo na hakutaka kukaa sebuleni kwa mamangu kama mgeni.

Alileta mkebe wa vifungo. Vyeusi vikawa Kenya, vyeupe Madagaska, kimoja kidogo cha lulu kikawa mpira. Tukatandaza kipande cha kitambaa juu ya meza ya kukatia, chaki ikachora lango. Nikaweka kipa mweupe golini, beki mweupe mbele yake, na mshambuliaji mweusi nyuma ya beki.

"Pasi ikipigwa sasa, huyu ameotea. Kati yake na lango amebaki mtu mmoja tu, kipa. Wanatakiwa wawe angalau wawili, au awe sawasawa na yule wa pili."

Akachukua uzi mwekundu, akauvuta kukata kitambaa upana, ukapita ubavuni mwa beki. Akasogeza kile cheusi nyuma kidogo, kikawa kimegusa uzi.

"Na hapa?"

"Hapo halali."

"Na akikimbia baada ya pasi kupigwa?"

"Halali. Kinachoangaliwa ni pale mguu unapougusa mpira."

Akakisogeza mbele taratibu, huku kidole cha mkono wa pili kikiupiga ule wa lulu. Akafanya hivyo tena. Mtu aliyetumia maisha yake kukata kitambaa kwa mstari hahitaji kuambiwa mara mbili umuhimu wa unene wa uzi. Nimewasikia wanaume waliotazama mpira miaka thelathini wakilieleza jambo hili vibaya kuliko alivyolishika yeye kabla maziwa hayajachemka.

Jioni akaja. Alikuja na kazi mkononi, kanzu ya mtoto ya kudarizi, nadhani ili asionekane amekuja kwa ajili ya mpira peke yake.

## Tulishindwa

Kenya ilifunga mwanzoni mwa kipindi cha pili. Sebule ilivurugika, naye akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeletewa habari ya harusi ya jirani. Madagaska wakasawazisha kwa penalti. Dakika 90 zikaisha, muda wa ziada nao ukaisha, na mimi moyoni nilikuwa nasema: Mola wangu, si leo. Maana mtu uliyemwomba mechi moja tu, ukimpa maumivu ya matuta, atakwambia nilikwambia.

Kanzu ilikuwa imewekwa chini wakati huo. Sikumbuki iliwekwa saa ngapi.

Madagaska wakatutoa kwa matuta, 4-3.

Ndugu zangu walitoka nje wakibishana, na majina ya vijana waliokosa yalikuwa yameshaanza kutukanwa. Mamangu akazima televisheni. Nilikuwa najiandaa kumwambia shoga yangu kwamba si kila siku huwa hivi, tuliifunga Kongo, tuliifunga Moroko tukiwa kumi uwanjani, tuliifunga Zambia, kundi zima hatukupoteza mechi. Hakuwa ananisikiliza.

"Yule kijana aliyekosa," akasema. "Usiku huu analala wapi?"

"Hotelini, na wenzake."

"Kuna mtu wa kukaa naye?"

Nikasema sijui. Akakasirika, na hasira yake haikuwa ya kushindwa. Alikasirishwa na wale waliokuwa wakitukana nje. Alifungua dirisha akawaambia, kwa sauti ambayo sijapata kumsikia akiitumia mtaani: "Aliyekosa ni mwana wa mtu! Nyamazeni!"

Nao wakanyamaza.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko mechi yenyewe. Mimi nimetazama mpira tangu utotoni na sijawahi kumuuliza mtu yeyote mchezaji aliyekosa analala wapi. Nilidhani namleta yeye kwenye mpira wangu. Kumbe alikuja na wake: wa kutazama walioanguka, mama walioko jukwaani, kipa wa akiba aliyekaa benchi mashindano mazima bila kugusa mpira. Tangu siku ile ananiuliza habari za watu ambao mimi huwa nawapita.

Usiku uleule Tanzania nayo ikatolewa na Moroko, 1-0. Shangazi yake aliyeko Tanga akapiga simu. Wakaongea nusu saa. Alimweleza shangazi maana ya kuotea.

## Hijabu ya Benzina

Siku moja mwezi wa Septemba akaniuliza lililokuwa lazima aniulize: "Na wanawake je?"

Nikamtafutia video ya tarehe 30 Julai 2023, Moroko na Korea Kusini, Kombe la Dunia la wanawake, mjini Adelaide. Beki Nouhaila Benzina akawa mchezaji wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la wakubwa akiwa amevaa hijabu. Moroko walikuwa wametoka kufungwa 6-0 na Ujerumani. Siku hiyo wakashinda 1-0, kisha wakaifunga Kolombia 1-0, wakavuka kundi.

Hakutazama bao. Alisimamisha video pale Benzina alipogeuka, akaikuza picha mpaka ikawa ukungu, akairudisha kidogo.

"Mshono uko wapi?"

Akatafuta chini ya kidevu. Akaniambia kitambaa hiki kinavutika pande zote mbili, la sivyo akigeuza shingo kitamkaba. Pini hawezi kuwa ametia, ingemchoma akipiga kichwa. Ukingo umeingia ndani ya jezi lakini haukushonwa kwenye jezi, tazama, bega linakwenda na kichwa kinakwenda kivyake. Alizungumza hivyo kwa muda, ameinamia simu yangu, na mimi niliyekuwa nimeitazama mechi ile moja kwa moja nilihisi naiona leo.

Nikamweleza kwamba kulikuwa na marufuku. Mwaka 2011 wasichana wa Iran walifika Amman kucheza na Jordan kutafuta nafasi ya Olimpiki, wakaambiwa kwa vazi lile la kichwani hawachezi, na mechi ikawapotea hivyo. FIFA iliruhusu rasmi mwaka 2014.

"Walisema ni hatari shingoni," nikamwambia.

"Wangeuliza fundi," akasema.

Oktoba 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, walicheza Kombe la Dunia Jamhuri ya Dominika: timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA. Walifungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea Kaskazini, wakaifunga Mexico 2-1. Wanaume wetu hawajafika huko hata siku moja. Na Oktoba 2025 Starlets wakubwa wameitoa Gambia, wamefuzu Kombe la Afrika la wanawake, mara ya kwanza tangu 2016. Mechi hizo alizifuata mwenyewe. Mimi sikumkumbusha.

## Tunalobishania bado

Binamu yake alikuwa mlinzi Doha. Aliondoka hapa kabla ya Kombe, akalipa wakala, akakuta mshahara si ule alioambiwa na pasipoti imechukuliwa siku ya kwanza. Alisimama nje ya milango ya viwanja kwenye jua. Mwaka 2020 Qatar ilibadilisha sheria, mfanyakazi akaruhusiwa kuhama kazi bila ruhusa ya mwajiri. Binamu anasema sheria ilikuwa moja na msimamizi wake alikuwa mwingine.

Kwa hiyo ile Desemba ninayoisimulia kwa furaha, mzee akisimama, mama wakilia dirishani, yeye aliiishi vingine. Kila lilipofungwa bao aliwaza nani aliyechimba msingi wa lile jukwaa, na alikula nini siku ile. Na Desemba 2024 FIFA imeipa Saudia Kombe la 2034. Saudia, ambako dada zetu wa Kisauni na Likoni na Majengo wanakwenda kufanya kazi za ndani, na baadhi yao tumewapokea wakirudi wamebadilika, na wengine tumewapokea kwenye sanduku.

Hoja yangu kwake ni kwamba Kombe liliwafanya watu wa dunia nzima wauulize mfumo wa kafala, ule unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na bila Kombe nani angeuliza? Yeye ananijibu kwamba waliuliza mwezi mmoja, wakapata mshindi, wakaenda zao. Nikimwambia wachezaji hawakuchagua uwanja, ananiambia binamu yake naye hakuchagua. Nikimwambia Hakimi ni mwana wa mama msafishaji, na kumshangilia ni kumshangilia mama yule, hunyamaza. Lakini hunyamaza kama mtu anayepima, bado hajakubali.

Nami nimefika mahali ambapo sitaki akubali haraka. Mtu akitazama mpira huku jambo hilo limemkaa kooni, anatazama vizuri kuliko sisi tuliolimeza. Mwaka 2034, Mungu akituweka, anasema hatatazama hata mechi moja. Mimi nasema nitatazama na nitasema. Hatujamaliza.

## Rabat, tarehe 27

Naandika haya mwishoni mwa 2025, na Desemba hii Kombe la Afrika liko Moroko. Kenya hatukufuzu. Zamani hilo lingekuwa kisingizio chake kizuri: kwetu hakuna, nitazame nini?

Ila Tanzania wamo, na Uganda wamo, na wamepangwa kundi moja pamoja na Nigeria na Tunisia. Nyumba yao ni nusu Tanga. Juni 2019, Cairo, Kenya ilipotoka nyuma mara mbili na kuifunga Tanzania 3-2, mamake na shangazi hawakusemezana mpaka futari ya Ramadhani iliyofuata, na yeye alikuwa chumbani amelala, hakujua ni kwa nini. Nimemhadithia mabao yote matano. Mawili ya Michael Olunga ameyatazama kwenye simu. Sasa anaona uchungu wa kulala siku ile.

Tanzania na Uganda watacheza tarehe 27 Desemba, Rabat. Amekwisha kuniambia atakuwa na Tanzania, kwa ajili ya shangazi, ambaye anapanda basi kuja kutazama nasi. Jezi ya shangazi anaishona mwenyewe, ya buluu, mikono mirefu, kwa sababu zinazouzwa hazimstiri vizuri. Adhana ikiingia sauti inazimwa. Atakayemtukana mchezaji anatoka nje.

Na ndugu yake mdogo atakuja. Aliuliza mwenyewe kama anaweza. Dada yake akafikiria siku mbili, kisha akampa sharti: simu yake itakaa kwenye mkebe wa vifungo, kifuniko kimefungwa, mkebe mapajani kwa mamangu, mpaka kipenga cha mwisho. Kijana amekubali. Amesema anataka kuona mechi moja tu ambayo hana pesa ndani yake.